MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUPANGA NYUMBA YA GHOROFA MJINI

Kila mwaka vijana kadha wa kadha wa hapa Mwamkulu huondoka kwenda kusoma au kutafuta kazi katika miji mikubwa, kama vile Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Baadhi yao hupata nafasi bwenini, lakini wengine hawana budi kupanga. Hapa kwetu kupanga si jambo zito, maana mpangaji humjua mwenye nyumba, pengine humjua hata babu yake, na neno likizuka huzungumzwa barazani likaisha. Mjini sivyo. Mtu huweza kukaa mwaka mzima katika nyumba ya ghorofa asimwone mwenyewe hata siku moja. Mimi nilipanga Dar es Salaam kwa miaka minne kabla ya kuja kufundisha hapa, na kwa hiyo nimeona yafaa niandike somo hili, ili kijana ajue la kuuliza na mzazi ajue fedha yake inakwenda wapi.

Neno kubwa la somo hili ni moja: nguvu ya mpangaji iko kabla ya kulipa. Mjini wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Tena Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Ukiisha kutoa fedha ya miezi sita, huwezi kuhama kwa urahisi hata kama bomba halitoi maji. Basi kila swali liulizwe wakati fedha ingali mfukoni mwako.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kodi ni shs. 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni shs. 900,000. Dalali naye aghalabu hutaka ujira wa kodi ya mwezi mmoja, yaani shs. 150,000. Jumla ni shs. 1,050,000, kabla hujanunua godoro wala ndoo. Kwa mzazi anayelima mpunga hayo ni magunia mengi, na jasho la msimu. Fedha ya namna hiyo haitolewi kwa kuona picha katika simu.

1. MWENYE NYUMBA NI NANI?

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa sababu hiyo wazazi wengine hushawishika kupanga kwa simu. Mtu asiyejulikana huleta picha za vyumba vizuri, kisha husema, "Wateja ni wengi mzee, tuma nusu leo nikuwekee." Usitume. Kama una ndugu au mtu wa kwenu mjini, mwombe aende akaone kwa macho yake. Kama huna, ni heri kijana afikie kwa wenyeji au katika nyumba ya wageni ya bei nafuu kwa siku chache, atafute kwa miguu yake mwenyewe.

Mtaa niliokaa mimi, kijana mmoja alilipa kodi ya miezi sita kwa mtu aliyekuwa na funguo mkononi, akidhani ndiye mwenyewe. Kumbe yule alikuwa mpangaji tu ambaye muda wake ulikuwa ukingoni. Baada ya majuma matatu mwenye nyumba halisi alifika kudai nyumba yake. Funguo si ushahidi wa kumiliki. Omba kuona karatasi: hati, leseni ya makazi, au hati ya mauziano, kisha ulinganishe jina lililomo na jina la kitambulisho cha anayepokea fedha. Kama ni msimamizi, aonyeshe barua ya mwenye nyumba. Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umwulize mwenyekiti au mtendaji, maana wao huwajua wenye nyumba wa eneo lao.

Katika majengo makubwa ya ghorofa liko jambo jingine. Tangu Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, kila fleti huweza kuwa na mwenyewe na hati yake, na wenye fleti hushirikiana kutunza ngazi, lifti, taa za nje na mlinzi. Uliza mapema: fedha ya matunzo hayo ni kiasi gani kwa mwezi, na hutolewa na nani?

2. JENGO LENYEWE

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, nalo likaua zaidi ya watu 20. Sisi si mainjinia, lakini macho tunayo. Tazama nguzo na mihimili: je, ina nyufa pana, au nondo zimechungulia nje zikiwa na kutu? Je, ghorofa zinaongezwa juu wakati watu wanakaa chini? Je, kuna uchimbaji karibu na msingi? Ukiona hayo, shukuru, uage, uende zako. Uliza pia kama iko ngazi nyingine ya kutokea moto ukizuka, na kama madirisha yote yamefungwa nondo kiasi kwamba hapana pa kutokea.

Kisha tafuta alama za maji. Gusa sehemu ya chini ya ukuta kwa kiganja na unuse chumba kilichofungwa. Rangi mpya huficha unyevu, lakini harufu ya ukungu haifichiki. Katika nyumba iliyo bondeni, waulize wenyeji maji hufika wapi wakati wa masika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi katika bonde la Msimbazi, hata serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Nyumba ya bondeni wakati wa kiangazi huonekana njema sana, na kodi yake huwa nafuu. Ndiyo maana swali hili lisisahauliwe.

3. MAJI NA UMEME

Hapa wanafunzi wa Fizikia watanisaidia. Kuyapandisha maji mita 10 kwahitaji kanieneo ya karibu paskali 100,000. Mara nyingi maji ya bomba la mtaani hayana kanieneo ya kutosha kufika ghorofa ya nne, basi hupandishwa kwa pampu mpaka katika tangi lililo juu ya paa. Pampu nayo huendeshwa kwa umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu, wakaao juu hukosa vyote viwili. Uliza tangi ni la lita ngapi na wanaolitumia ni watu wangapi. Fungua kila koki, vuta maji chooni, utazame kama yanashuka upesi au yanarudi. Uliza karo hunyonywa mara ngapi, na kwa fedha ya nani.

Kuhusu umeme, uliza kama fleti ina Luku yake peke yake. Luku ya watu wengi huleta ugomvi wa watu wengi, kwa kuwa mwenye jokofu na mwenye taa moja hudaiwa sawa. Zima swichi zote, kisha itazame mita: ikiendelea kuhesabu, yuko mtu anakula umeme kwa waya usiouona. Tena fahamu kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa Luku. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, si wa mpangaji. Basi elewaneni mapema atakurudishia vipi, na muulize kama mita ina deni la nyuma.

4. MAJIRANI NA NJIA

Nyumba itazamwe mara tatu: asubuhi, jioni na usiku. Asubuhi utajua saa ngapi daladala hujaa na mwendo ni wa muda gani hadi chuoni au kazini. Jioni utajua kama maji yapo wakati kila mtu anapika na kuoga. Usiku utajua kama kuna taa njiani, na kama muziki wa jirani utakuruhusu kusoma.

Tena wako walimu wazuri kuliko dalali, nao ni wapangaji wenyewe. Mkute mama anayeanika nguo, umsalimu kwa adabu, "Shikamoo mama. Samahani, nataka kupanga hapa. Maji hutoka siku ngapi kwa juma?" Na swali la pili, "Aliyekuwa katika fleti hii alihama kwa nini?" Dalali hulipwa ukipanga, kwa hiyo hawezi kukuambia ubaya wa nyumba. Yule mama halipwi na mtu.

5. MKATABA

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini yake ufanywe hata kwa mdomo. Lakini mdomo husahau. Dai mkataba wa maandishi, tena kwa lugha unayoielewa vema. Usome wote kabla ya kutia sahihi. Uwe na haya: majina ya pande zote mbili na ya mashahidi, namba ya fleti, kiasi cha kodi na muda wake, nani hulipa maji, taka na mlinzi, nani hutengeneza kilichoharibika, na taarifa ya kuhama au kuhamishwa ni ya siku ngapi. Fedha ya dhamana ikiwapo, iandikwe itarudishwa lini.

Sheria hiyo humlinda mpangaji kwa mambo kadhaa. Mwenye nyumba sharti amwache mpangaji akae kwa amani maadamu anatimiza wajibu wake. Nyumba iwe yafaa binadamu kukaa. Na katika jengo la watu wengi, paa, kuta kuu, mifereji na njia za pamoja zitunzwe na mwenye nyumba. Mpangaji naye ana wajibu: alipe kodi kwa wakati, atunze nyumba, na airudishe ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kwa sababu hiyo, siku ya kupokea funguo piga picha kila ufa na kila kioo kilichovunjika, na uandike orodha itiwe sahihi na wote wawili, usije ukadaiwa kioo kilichovunjwa na mwingine.

Mwanafunzi ambaye hajatimiza miaka 18 asitie sahihi peke yake. Mzazi au mlezi ndiye afanye mkataba. Fedha ilipwe kwa njia yenye kumbukumbu, na stakabadhi itunzwe. Mgogoro ukitokea, anza kwa mazungumzo, kisha serikali ya mtaa. Ukishindikana, Baraza la Kata hupatanisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huamua. Huko kote utaulizwa karatasi kwanza.

Pengine msomaji atasema kwamba maswali haya ni mengi na mwenye nyumba atachoka. Mwenye nyumba mwema hachoki, kwa maana naye anataka mpangaji makini. Akikasirika kwa kuombwa hati au mkataba, amekwisha kukujibu.

MASWALI YA ZOEZI

1. Kodi ni shs. 120,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Mzazi atatoa jumla ya shilingi ngapi?
2. Eleza kwa nini mtu wa ghorofa ya nne hukosa maji umeme ukikatika.
3. Kwa nini haitoshi kumwuliza dalali peke yake?
4. Taja wajibu mmoja wa mwenye nyumba na mmoja wa mpangaji.
5. Andika mkataba mfupi wa kupanga chumba kimoja, umsomee mzazi wako nyumbani, naye akuonyeshe ulichosahau.