SOMO LA UFUGAJI NYUKI: MAUMBILE YA UZAZI YA DUME LA NYUKI



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha wafugaji nyuki nilimkuta mwanachama akikata masega yote yenye majana ya madume na kuyatupa. Alinieleza kwamba madume ni wavivu, hula asali wala hawaleti kitu mzingani. Neno lake lilikuwa nusu ya ukweli. Somo hili laeleza nusu iliyobaki.

Nyuki na nyigu ni wa ukoo mmoja, na madume wao hufanana kwa mambo mawili. Kwanza, dume hana mwiba, kwa sababu mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha. Pili, dume hutoka katika yai lisilorutubishwa; ana mama, lakini hana baba. Padre Jan Dzierzon wa Silesia alilieleza jambo hili mwaka 1845.

Viungo vyenyewe

Tumboni mwa dume mna korodani mbili. Huwa kubwa kabisa dume angali ndani ya sega. Akiisha kutoka, husinyaa, maana mbegu zimehamia katika mifuko miwili ya kuzihifadhi. Kando ya kila mfuko pana tezi kubwa ya ute mzito. Njia zao huishia katika uume, ambao umekunjwa tumboni kama mkono wa shati uliopinduliwa ndani. Dume hukomaa kadiri ya siku 12 baada ya kutoka katika sega, naye hubeba mbegu zipatazo milioni 10.

Tendo hufanyika angani. Dume hukaza tumbo, na uume hupinduka nje kwa ghafula. Mbegu hutangulia na ute hufuata. Kiungo hukatika, na dume huanguka akafa. Dume la nyigu si hivyo: kiungo chake ni kigumu, kina vibanio vya kumshikia jike, wala hakikatiki.

Malkia kijana hukutana na madume wapatao 10 hadi 20. Huhifadhi mbegu kama milioni 5 katika kifuko maalumu, na kwa akiba hiyo huzaa wafanyakazi maisha yake yote.

Faida kwa chama

Malkia wako hupandwa zaidi na madume wa mizinga ya jirani. Basi aharibuye madume wake humpunguzia mwenzake. Madume wakiwa wachache na wa nasaba moja na malkia, baadhi ya mayai yaliyorutubishwa hutoa madume wasiofaa, na wafanyakazi huwala wangali majana. Sega la majana huonekana lenye mapengo, kundi hudhoofika, na hasara huonekana siku ya kupima asali.

Kwa hiyo:

1. Msikate majana yote ya madume. Vyumba vyao ni vikubwa na vifuniko vyao vimevimba.
2. Msijaze mizinga ya chama kwa makundi ya asili moja.
3. Mkiona mapengo mengi, chunguzeni ukoo wa malkia pamoja na magonjwa.

Maswali ya mkutano

(a) Kwa nini dume hawezi kuuma kwa mwiba?
(b) Malkia huweka wapi akiba ya mbegu?
(c) Madume wa mzinga wako humfaa nani?

Atakayejibu swali la tatu vema ameielewa pia maana ya ushirika.