Usonji: Hakuna wa Kulaumiwa

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti, na huanza mapema sana, aghalabu kabla mtoto hajazaliwa. Mwenye usonji hupata ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, hupenda kurudiarudia jambo lile lile, na pengine kelele au mguso wa nguo humkera mno. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaosoma, kufanya kazi na kulea familia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Jambo lililoenea hivyo duniani kote haliwezi kuwa mkosi wa ukoo mmoja.

Hata hivyo, nyumba nyingi humtafuta kwanza mkosaji, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Wataalamu nao waliwahi kupotoka hivyo: baada ya daktari Leo Kanner kuieleza hali hii nchini Marekani mwaka 1943, kwa miaka mingi baadhi yao walidai kuwa inatokana na mama asiye na upendo. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa mapacha wa Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja ambayo wote wawili walikuwa nao. Mapacha wa kila jozi, wawe wa kufanana au la, hulelewa na mama mmoja. Kilichotofautisha makundi hayo mawili ni urithi wa damu, wala si malezi.

Wapo watakaouliza: mbona mtoto alibadilika baada ya chanjo? Ni kwa sababu chanjo ya surua hutolewa katika umri ule ule ambao dalili huanza kuonekana. Makala ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Nchini Denmaki, utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461 haukuona usonji ukizidi kwa waliochanjwa. Kumnyima mtoto chanjo hakumkingi na usonji. Kunamwacha wazi kwa surua, ambayo huua.

Wengine husema: ikiwa amezaliwa nao, tusubiri tu, hata mjomba wake alichelewa kusema. Kusubiri ndiko kunakopoteza wakati. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, wa mwaka na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, au aliyeacha maneno aliyokwisha kuyajua, apelekwe kituo cha afya, na masikio yake yapimwe pia. Hakuna dawa wala kombe la kuondoa usonji, kwa hiyo anayeuza tiba hiyo asipewe fedha. Kinachosaidia ni kumfundisha kuwasiliana kwa maneno, ishara au picha, kumwekea ratiba isiyobadilika ovyo, na kumpeleka shule. Kazi hiyo yahitaji baba, mama, bibi na majirani washirikiane, nao hawawezi kushirikiana wakiwa bado wanalaumiana.