Tenganisha Mlango, Si Salio Pekee: Somo Kutoka Wikendi ya Mwisho ya Gokati

Umewahi kushikilia pesa za watu kwa simu yako? Za chama, za harambee, za trip ya watoto, za zawadi ya mwalimu? Basi somo hili ni lako. Soma hadi mwisho, kuna zoezi dogo la kufanya kabla hujaweka simu chini.

Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wateja kutumia pesa za simu vizuri. Hata hivyo, wikendi ya mwisho ya Novemba nilianguka mtihani ambao mimi mwenyewe ndiye huutunga. Nitakueleza ilivyokuwa, na hesabu yote, ili wewe usirudie.

Tulivyoingia kwa mbio

Binti yetu ana miaka 12 na anapenda gokati, vile vigari vidogo vya mbio vinavyokaa chini karibu kugusa lami. Ukiona mtoto ndani ya gokati unafikiri ni mchezo tu, lakini kuna kazi. Zile za kukodisha hazina gia wala springi. Ni usukani na pedali mbili: kulia mafuta, kushoto breki. Kila shimo la lami unalisikia kwa mgongo. Na ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, kwa hivyo ukiingia kona na mbio nyingi gari linakataa kugeuka, au nyuma inakuponyoka ukajikuta unaangalia ulikotoka. Ndiyo maana somo la kwanza wanalofundishwa watoto ni hili: ingia kona polepole, utoke na mbio.

Si mchezo wa bei rahisi. Lewis Hamilton alianza mashindano ya gokati akiwa na miaka 8, na babake alifanya kazi zaidi ya moja ili mtoto aendelee. Sisi hatuna ndoto za Formula 1. Tuko familia kumi tu, wazazi wa kawaida, tunakodi uwanja nje kidogo ya Nairobi mara sita kwa mwaka. Watoto wanashindana, pointi zinaandikwa, na raundi ya sita kuna vikombe vitatu na keki.

Mweka hazina ni nani? Mimi. Walisema, "Mama, si wewe ndio kazi yako ni mambo ya pesa za simu?" Nikakubali bila kufikiria mara mbili.

Hesabu ilivyokuwa

Raundi ya mwisho ilikuwa Jumapili. Kila familia ilitakiwa kutoa 3,500, jumla 35,000. Deposit ya 15,000 nilishalipa. Salio la 20,000 lilitakiwa Jumapili, kabla injini hazijawashwa.

Kufikia Ijumaa familia nane zilikuwa zimetuma, yaani 28,000. Ukitoa deposit, nilibaki na 13,000 za kundi. Familia mbili zilikuwa bado, 7,000.

Na hapa nilijiona mjanja. Nilichukua zile 13,000 nikazihamisha kwenye akiba ya simu, nisiziguse. Kwenye laini nikabaki na pesa yangu tu, 2,600. Nikalala kwa amani.

Jumamosi tulienda mazoezi, familia nzima. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku, lami bado inateleza, na binti akataka kujifunza kona zikiwa na maji. Raundi mbili za mazoezi, 3,000. Salio halikutosha, nikafuliza. Chakula cha mchana cha watu wanne, 1,900, nikafuliza tena. Glavu zake zilikuwa zimechanika, mpya 1,200. Unajua vile inakuwa: ukishafuliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu hazisikiki.

Jumla nilitumia 6,100. Yangu ilikuwa 2,600. Deni likawa 3,500, na ada juu yake.

Jumamosi usiku familia zile mbili zikatuma, 3,500 na 3,500. Nikaona ujumbe wa "umepokea" mara mbili, nikaandika kwa WhatsApp ya wazazi: "Wote kumi wamelipa, asanteni sana, tuonane kesho." Wakaweka makofi.

Sikusoma ujumbe uliofuata.

Saa tatu kasoro, Jumapili asubuhi

Hiyo Jumapili tuliruka kanisa, shosho akanuna tangu jikoni. Tulifika uwanjani mapema. Watoto walikuwa wanavaa kofia ngumu, gokati zimepangwa. Binti yangu alikuwa wa nne kwa pointi, 40, na kijana aliye mbele yake alikuwa na 41. Akimpita siku hiyo, kikombe cha tatu ni chake. Hakuwa amekula chochote asubuhi.

Nikatoa zile 13,000 kwenye akiba, zikaingia kwa laini. Nikaweka namba ya till, kiasi 20,000, PIN. Jibu likaja: salio halitoshi.

Nikadhani ni network. Nikaangalia salio: 16,400 hivi. Nikarudi kwa jumbe za jana usiku, sasa nikisoma polepole. Ile 3,500 ya kwanza ilipoingia, yote ilikatwa kulipa ovadrafti yangu. Ile ya pili ikakatwa kama 100 zilizobaki za ada. Ujumbe ulikuwa hapo, umeeleza vizuri kabisa. Hakuna aliyeniibia. Mzazi wa mtoto mwingine alikuwa amenilipia glavu za binti yangu na chakula chetu cha mchana, na hakujua.

Nikamvuta Baba watoto kando. Akaangalia simu, akanong'ona, "Mama, wacha nifulize kwa laini yangu, tulipe tumalizane. Nani atajua?"

Ilinivutia, sitadanganya. Lakini laini yake ndiyo hupokea kodi ya zile nyumba za shosho, na kodi huingia kuanzia tarehe moja. Pesa ya kwanza kuingia ingemezwa vilevile. Tungekuwa tumeziba shimo la watoto kwa kodi ya mama yake.

"Baba, hapana," nikamwambia. "Hiyo ni kuhamisha shida kutoka laini moja hadi nyingine."

Nikawaita wazazi. Nikawaambia yote, nikiwaonyesha simu. Kulikuwa na kimya kile cha watu wazima wanaoangalia viatu. Halafu mmoja wao, baba mkubwa kuliko sisi kwa umri, akasema, "Mama, hakuna neno. Lakini jana usiku ulituambia wote wamelipa na kila kitu kiko sawa." Hiyo "lakini" bado ninaisikia. Akalipa 3,600 kwa till ya uwanja moja kwa moja, mimi nikalipa zilizobaki.

Robo saa ilikuwa imepotea, na saa sita kamili kundi lingine lilikuwa limekodi uwanja. Siku hiyo kulikuwa na mbio saba. Ili zote zitoshee, kila moja ikapunguzwa mizunguko miwili.

Binti yangu alikimbia vizuri kuliko siku zote. Kila kona alikuwa anaingia taratibu na kutoka akivuta, na kila mzunguko nafasi kati yake na yule kijana ilikuwa inapungua. Mzunguko wa kumi, bendera ya miraba ikapepea akiwa karibu kugusa bampa ya mwenzake. Wa nne.

Kwenye gari tukirudi hakulia. Alisema tu, "Mum, zingekuwa kumi na mbili ningempita."

Labda. Labda pia asingempita. Lakini ile mizunguko miwili ndiyo ada halisi niliyolipa, na haikutoka kwa mfuko wangu.

Kosa lilikuwa wapi?

Wengi wakisikia hadithi hii husema kosa ni kufuliza. Ovadrafti ni chombo tu, na inafanya kile ilichosema itafanya: pesa yoyote ikiingia, deni linalipwa kwanza. Mfumo haujui pesa ni ya nani. Unajua tu imeingia laini ya nani.

Kosa langu ni kwamba nilitenganisha pesa iliyokuwa tayari ndani, nikasahau mlango. Pesa ya kundi na pesa yangu ziliendelea kuingilia mlango mmoja, na mlangoni kulikuwa na deni langu limesimama likingoja.

Njia nne za kujikinga

1. Wape watu mlango mwingine. Njia rahisi kabisa ni kila mtu alipe moja kwa moja kwa till au paybill ya anayetoa huduma, akutumie wewe ujumbe wa uthibitisho tu. Kazi yako inakuwa kuhesabu, si kushika. Ikishindikana, fungua laini ya pili iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, yenye PIN yake, isiyonunua hata kredo. Na kama kundi ni la kudumu, fungueni akaunti ya kundi benki, watu watume kwa paybill wakiandika jina la mtoto au la mwanachama, na watu wawili wawe wanaidhinisha kutoa.

2. Laini inayopokea pesa za watu isiwe na ovadrafti. Si lazima uwe nayo. Ukishalipa deni lote unaweza kujiondoa. Na kama pesa za watu ziko njiani kuingia kwa laini yako, usikope kwa laini hiyo, hata shilingi hamsini.

3. Soma ujumbe wote, na unaofuata pia. "Umepokea" si mwisho wa habari. Makato huja kwa ujumbe wake. Kabla ya kutangaza kwa kundi, angalia salio, ulinganishe na orodha yako. Inachukua chini ya dakika.

4. Andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huhitaji programu yoyote. Tarehe, jina, kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala ya laini hiyo, uiweke kwa kundi kila mtu aone. Mtu mwaminifu haogopi taarifa, na taarifa humlinda yeye kwanza.

Na shida ikishatokea?

Kwenye gokati, bendera ya njano ikipeperushwa maana yake kuna hatari mbele: punguza mwendo, hakuna kupita mtu. Dereva hangoji agonge ndipo apunguze. Bendera yangu ya njano ilikuwa ule ujumbe wa Jumamosi usiku. Ningeusoma, ningewaambia wazazi saa hiyohiyo, tungekuwa na usiku mzima wa kupanga, na asubuhi injini zingewashwa kwa wakati.

Kwa hivyo ukigundua pesa za watu zimepungua, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, usikope pengine kufunika pengo. Pili, waambie wahusika kabla hawajauliza, ukiwa na hesabu mkononi: ilikuwa ngapi, imebaki ngapi, imeendaje. Tatu, taja siku ya kurudisha, na ukirudisha weka uthibitisho mbele ya kundi lote. Zile 3,600 nilizirudisha Jumanne, ujumbe nikauweka kwa WhatsApp. Msimu ujao bado mimi ni mweka hazina, lakini laini ni mpya, na yule mzee ana nakala ya daftari.

Zoezi la leo

Fungua simu yako sasa hivi, ujibu maswali haya:

- Kuna pesa za watu wengine kwenye laini yako kwa sasa? Ni ngapi hasa, na unajuaje?
- Laini hiyo ina deni lolote la ovadrafti?
- Mtu akikutumia pesa ya kundi dakika hii, itabaki yote?

Kama jibu la swali la mwisho ni "sina hakika", usingoje wikendi. Rekebisha mlango leo, kisha umtumie somo hili mweka hazina wa chama chako. Hatakasirika. Pengine anangoja tu mtu wa kuanzisha hayo maneno.