Skrini Ikigawanywa, Soma Kila Kisanduku

Hakuna wakati skrini ya runinga hujaa kama usiku wa kuhesabu kura. Kenya, Agosti 2022: upande mmoja mtangazaji yuko studioni, upande wa pili unaona ukumbi wa Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, na pembeni zimepangwa sura za wagombea urais pamoja na kura zao. Ukihamia stesheni nyingine, aliyekuwa nyuma sasa anaongoza. Hapo ndipo simu huanza kulia na fununu za wizi wa kura kuenea.

Sababu ya tofauti hizo ilikuwa wazi. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, yaani fomu za matokeo, za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Zilikuwa picha za fomu, hazikuwa zimejumlishwa. Kila chombo cha habari kikazisoma na kujumlisha kivyake, kwa mpangilio wake. Kilichotangulia na ngome ya mgombea mmoja kilipata kinara tofauti na kingine. Matokeo rasmi yalitangazwa Agosti 15: William Ruto asilimia 50.49, Raila Odinga asilimia 48.85.

Kwa hiyo, kabla hujaiamini tarakimu kubwa, tafuta maandishi madogo yaliyo chini yake: hesabu imetoka wapi, na ni ya vituo vingapi kati ya vyote. Asilimia isiyotaja idadi ya vituo haikusaidii kitu, hata ikipambwa kwa rangi gani.

Visanduku navyo havilingani. Mashine ya kuchanganya picha hupunguza kila picha na kuipachika mahali pake, na kila moja imefika kwa njia yake. Neno "mubashara" likikaa kwenye kona ya skrini, huenda linahusu studio tu, huku kisanduku cha pili kikirudia picha za asubuhi. Kagua mwanga: jua linawaka kule ilhali kwenu ni saa tatu usiku? Angalia pia kama kuna mtu anayepita mahali palepale tena na tena.

Ripota wa mbali akikaa kimya baada ya kuulizwa swali, usidhani amebabaika. Setilaiti za matangazo ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti hukawia njiani.

Ukitaka kumtumia mtu picha ya skrini, piga skrini nzima, pamoja na jina la stesheni, saa na idadi ya vituo. Ukiletewa iliyokatwa sehemu hizo, usiisambaze.