SOMO: SHOMORO WA TANO



Tufungue Mathayo 10:29. Hapo shomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Kisha tufungue Luka 12:6. Hapo watano huuzwa kwa senti mbili. Tufanye hesabu kama darasani: wawili kwa senti moja, basi kwa senti mbili ni wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Ni wa nyongeza. Mnunuzi amepewa bure, kwa kuwa peke yake hana bei. Lakini Bwana wetu afundisha kwamba hata huyo Mungu hamsahau.

Sarafu hiyo kwa Kigiriki iliitwa asarioni. Asarioni 16 zilifanya dinari moja, nayo dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Watafsiri waliiita senti ili tuelewe. Hata neno letu "hela" lilitokana na sarafu ndogo ya Wajerumani iliyotolewa mwaka 1904, 100 kwa rupia moja. Sarafu imetoweka, jina limebaki kwa fedha zote.

Siku hizi ndogo yetu ni shilingi 50, yenye picha ya kifaru na mtoto wake. Wengi twaidharau. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilinunua fungu la mchicha la shilingi 500 kwa mama mmoja sokoni, mfukoni nikakuta 450. Nikasema, "Nitaleta." Nilipita pale mara tatu, nikamsalimu, nisilete. Mara ya nne akaniambia kwa upole, "Shikamoo, mwalimu. Ile hamsini ndiyo ilikuwa faida yangu ya lile fungu."

Nilifundisha hesabu miaka mingi, na hesabu hiyo sikuiona. Kwangu ilikuwa nyongeza tu. Kwake ilikuwa malipo yote ya kuamka alfajiri. Nililipa siku ile ile, lakini aibu haikuisha siku ile.

Ndugu msomaji, dhambi si lazima iwe ya mamilioni. Anayeshikilia chenji ya mtoto aliyetumwa dukani, naye amemsahau shomoro wa tano.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Ni nani unayemdai au anayekudai kiasi ulichokiona kidogo?
2. Kwake yeye, kiasi hicho ni nini?

Tukishajibu, tukalipe kabla ya Jumapili.