Tuchague Programu Gani ya Kurekebisha Sauti Tulizorekodi Nyumbani?

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mwaka jana mjukuu huyo alinibishia hodi mimi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Katika likizo ya Agosti nilikwenda kwa babu yangu, karibu na Malaba. Babu ni mpiga adeudeu, kile kinubi cha Wateso. Kwa jioni tatu nilimrekodi kwa simu na maiki ndogo ya kubandika shatini. Nikapata nyimbo 11, nikazihamishia kwenye kompyuta ya mjomba. Hapo akatokea rafiki akaniambia, "Wewe, hiyo si kazi ya simu. Tafuta programu ya maprodyusa wenyewe!" Nikanunua moja mjini kwa shilingi 200, imetiwa kwenye flashi, kufuli yake imeshavunjwa. Maagizo yalisema nizime kwanza kinga ya virusi. Nikazima, mjinga mimi! Kulipokucha mafaili yote yalikuwa na majina ya ajabu, hayafunguki, na barua ya kudai dola imeachwa pale pale. Nyimbo mbili tu zilipona, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia dada yangu. Mwezi wa Desemba babu akapatwa na kiharusi, mkono wa kuume ukalegea. Hizo nyimbo tisa hazirudi tena.

Basi nisikilize mwenzangu, yasikupate yaliyonipata.

KUCHANGANYA NI NINI, NA KUMASTA NI NINI?

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Hebu litazame lori linalokuja Malaba. Kabla ya safari wapakiaji hupanga mizigo: mizito chini, myepesi juu, trei za mayai zisikaliwe na saruji. Kuchanganya sauti, au miksi kama wasemavyo vijana wa studio, ni kazi kama hiyo. Kila sauti huwekwa kwenye traki yake: mwimbaji yake, kinubi yake, kayamba yake. Kisha unapandisha hii, unashusha ile, unaisogeza nyingine kushoto au kulia.

Lori likifika mizani ya Webuye hakuna anayepima gunia moja moja. Hupimwa lori zima. Kumasta nako ni hivyo: unashughulikia wimbo mzima uliokwisha kuchanganywa, uwe na nguvu ya kutosha na usikike vyema redioni, kwenye simu na ndani ya matatu. Mizani ya kompyuta ina kikomo, nacho ni desibeli 0. Sauti ikivuka hapo hukatwa kichwa, ukasikia mkwaruzo. Kwa hiyo ukiona kinubi kimemezwa na kayamba, usihangaike na kumasta. Rudi ukapange magunia.

MASWALI MATATU KABLA YA KUCHAGUA

Kwanza, una mashine gani? GarageBand na Logic ni za vifaa vya Apple peke yake. Kama yako ni Windows kuukuu kama ya mjomba, hizo zisahau kabisa.

Pili, kazi yako ni ipi? Kurekodi mzee na kinubi chake si sawa na kutengeneza mdundo wa kufoka kwa vidole na kibodi.

Tatu, mfuko wako unasemaje? Mchezea tope humrukia, na mwizi wa programu hali yake ni hiyo. Chagua ya bure iliyo halali, au ile utakayoweza kuilipia.

PROGRAMU ZENYEWE

Audacity. Hii ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Ni ya bure, tena leseni yake inakuruhusu kumnakilia rafiki kwenye flashi bila kosa lolote. Hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Zamani ukitia badiliko lilijichoma ndani ya sauti moja kwa moja. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kusikiliza badiliko huku wimbo ukicheza, na ukaliondoa ukitaka. Kwa shairi, ngonjera au mzee na kinubi chake, inatosha kabisa. Udhaifu wake huonekana traki zikiwa nyingi.

REAPER. Mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yule yule aliyetoa Winamp mwaka 1997, programu iliyopiga nyimbo katika kompyuta nyingi za zamani. REAPER ni nyepesi, haiilemei mashine ndogo, na imeundwa kwa kazi ya traki nyingi. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, bila kunyimwa chochote. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Waulize wabadilishaji pesa pale mpakani watakupigia hesabu ya shilingi. Hela hizo si haba kwa mwanafunzi, lakini chama kikichanga kinaweza.

FL Studio. Ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Watengeneza midundo wanaipenda mno. Ya majaribio hukuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukishaifunga huwezi kuifungua tena kazi hiyo mpaka ulipe. Ukilipa mara moja, matoleo yajayo unapewa bure. Ni nzuri kwa mdundo, ila kwa babu na kinubi ni kama kuchinja kuku kwa panga la miwa.

BandLab. Hii ni ya bure na hukaa kwenye simu. Asiye na kompyuta ataanzia hapa, bora awe na bando, maana inategemea sana mtandao.

Ushauri wangu kwa chama chetu ni huu: tuanze na Audacity. Siku tutakaporekodi kwaya yenye traki nyingi, tuchange tununue REAPER. Anayetaka midundo naye aweke akiba ya FL Studio.

PROGRAMU HAITIBU KILA UGONJWA

Sisi wa Busia na Malaba tuna makelele yetu wenyewe: malori yanayonguruma foleni, honi ya gari moshi, na mvua juu ya mabati. Hakuna programu itakayoondoa hayo yote bila kumjeruhi mwimbaji. Kwa hiyo fuata hatua hizi:

1. Rekodi alfajiri au usiku, ndani ya chumba chenye magodoro na mablanketi yaliyotundikwa. Maiki iwe karibu na mdomo, kama shubiri moja.

2. Kilele cha sauti kibaki kama desibeli 6 chini ya sifuri. Acha sekunde tano za kimya kabla ya kuanza. Audacity huisoma kelele ya chumba katika kimya hicho, kisha huipunguza kwenye wimbo.

3. Umeme wa Kenya huenda kwa hertz 50, na mvumo wake huingia kwenye maiki. Kwa sauti ya mwimbaji, kata kila kitu kilicho chini ya hertz 80. Mvumo huo utapungua sana na mwimbaji hatadhurika.

4. Ukishachanganya, lala. Asubuhi sikiliza upya kwa hedifoni, kisha kwa spika ndogo ya simu. Kama maneno ya mwimbaji hayasikiki kwenye simu, kazi bado.

5. Wakati wa kumasta usishindane kwa kupiga kelele. Spotify husawazisha nyimbo kwenye kipimo cha -14 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Wimbo uliokazwa kupita hapo hupunguzwa, ukabaki na ubapa wake tu.

6. Hifadhi nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine.

Hatua hiyo ya sita ndiyo inayoniuma. Hebu tupige hesabu pamoja. Sauti ya stirio ya hertz 44,100 na biti 16 huchukua kama megabaiti 10.6 kwa dakika. Nyimbo 11 za dakika nne nne ni dakika 44, yaani megabaiti 466 hivi. Nyimbo zote za babu zingeingia kwenye flashi ya gigabaiti moja na nafasi ikabaki. Mimi flashi nilikuwa nayo, ila ilikuwa imebeba ile programu ya wizi.

Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, pamoja na mradi wa Singing Wells, wamezunguka vijijini Kenya na Uganda na mitambo ya kubebeka wakirekodi muziki wa jadi. Wao husafiri mbali. Sisi wazee tunao nyumbani, tunakula nao ugali. Naomba likizo ijayo kila mwanachama amrekodi mzee mmoja, tukutane muhula ukifunguliwa tufanye miksi pamoja.

Zile nyimbo mbili nimeshazisafisha kwa Audacity. Nilipompigia babu alitikisa kichwa, akahesabu kwa mkono wa kushoto, akaniuliza, "Na zile nyingine?"

Nami nilikosa jibu. Alamsiki.

Mwanachama, Kidato cha Tatu