SOMO: Kasuku Aliyeokolewa na Wenyeji Wake



Leo tunasafiri mbali kidogo, hadi Saint Lucia, kisiwa cha bahari ya Karibi ambacho ni kidogo hata kuliko Nairobi. Huko kwenye misitu ya milimani anaishi kasuku mwenye mwili wa kijani, uso wa buluu na kifua chekundu. Wenyeji humwita jacquot. Porini hapatikani kwingine popote duniani.

Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wamebaki kama 100 tu. Watu waliwawinda kwa nyama, wengine wakatoa makinda kuwafuga vizimbani. Miti nayo ilikatwa. Kasuku huyu hasuki kiota. Hutaga mayai, kwa kawaida mawili, ndani ya shimo la mti mkubwa mzee. Mche ukipandwa leo, shimo kama hilo wataliona wajukuu.

Sheria ilikuwepo. Lakini askari wa msitu ni wangapi, na miti ni mingapi? Idara ya Misitu, chini ya Gabriel Charles, pamoja na kijana Mwingereza aitwaye Paul Butler, ikaamua kuwaendea watu wenyewe. Walizunguka shuleni na vijijini kwa nyimbo na picha, wakieleza kwamba ndege huyu ni mali ya kila mwenyeji, na kwamba msitu wake ndio unaotunza maji ya mito. Sisi tunaona hapo ndipo penye uzito. Si kila mtu anajali ndege, lakini nani hajali maji?

Mwaka wa 1979, mwaka wa uhuru wao, jacquot akatangazwa ndege wa taifa. Kimbunga cha 1980 kiliharibu msitu vibaya, hata hivyo ndege waliongezeka, na sasa wamepita 1,000.

Sisi Kenya tuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Msituni Kakamega wamebaki wachache sana. Sheria yetu ya 2013 inakataza kufuga ndege wa porini bila kibali, kwa hivyo anayemfuga aende ofisi ya KWS apate maelekezo.

Maswali ya kikundi:
Ni ndege au mti gani wazee wetu waliujua, na watoto wetu hawaujui?
Maji ya kijiji chetu yanatoka msitu gani, na nani anaukata?
Tukiitisha baraza, nani atatutungia wimbo?